Mpwa wangu ameniapisha nisimwambie mama yake

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mkulima wa korosho katika wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara. Nina mke na watoto watatu, lakini barua hii inamhusu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 14, ambaye yuko kidato cha kwanza. Kwa desturi yetu Wamakonde, mjomba hana pa kujificha katika jambo la mtoto wa dada yake. Likiharibika, huulizwa yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba wa kijana huyu alifariki miaka miwili iliyopita.

Naomba nianze mbali kidogo, kwa sababu mwanzo wenyewe ndio unaonitesa. Alipokuwa na miaka 10 alipelekwa jandoni, katika likizo ya Desemba. Siku ya kutolewa tulipiga ngoma, tukala, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa mabibo, uraka, ile pombe ya maji ya mabibo, ulikuwepo mwingi. Mzee mmoja wa ukoo alimwita yule mtoto mbele ya watu, akamkabidhi kikombe na kumwambia, "Umekwisha kuwa mwanamume, onja." Mtoto alionja, akakunja uso, na watu wote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote na nikampigia makofi.

Dada yangu hukamua mabibo na kuuza uraka kila msimu, na fedha hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake. Mwaka uliofuata tulianza kusikia kwamba mtoto anakunywa masalio yanayobaki vikombeni. Tulimgombeza kidogo, tukapuuza. Alipofika miaka 12 alikuwa anakunywa na vijana waliomzidi umri. Mwaka jana alianza kunywa nipa, ile pombe kali inayokenekwa kwa mabibo, na kwenye kijiwe cha bodaboda wamemfundisha kuvuta bangi. Shuleni walimu wanalalamika kwamba analala darasani, na siku nyingine haonekani kabisa.

Wiki tatu zilizopita nilimkuta usiku shambani, peke yake, ameketi chini ya mkorosho akiwa amelewa. Alilia sana. Akaniambia, "Mjomba, mimi nisingekuwepo, mama angepumzika." Nilimbeba hadi nyumbani nikijiambia kwamba hayo ni maneno ya pombe. Asubuhi alisema hakumbuki kitu.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta kalamu katika mkoba wake wa shule, nikaona ukurasa wa daftari alioandika kwa mkono wake. Alikuwa anamwomba mama yake msamaha, anamwambia asilie, na anataka mimi nimwangalie mdogo wake. Mama Mshauri, magoti yalinilegea. Nilimwita, nikamwonyesha. Alitetemeka, akaniomba nisimwambie mama yake, akaniapisha. Nikamwapia kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwa kuwa niliogopa kwamba nikikataa atafanya jambo siku hiyohiyo.

Tangu hapo ametulia. Anasalimia watu, anachota maji bila kutumwa, na hata roho yake imelainika. Majuzi alimpa mdogo wake, ambaye ana miaka 9, jezi yake pamoja na redio ndogo aliyoachiwa na baba yake, ambayo zamani hakumruhusu mtu hata kuigusa. Nikasema moyoni huenda yamepita, na mabibo yakiisha pombe nayo ataiacha.

Lakini usiku silali. Dada yangu ana shinikizo la damu. Nikimwambia, ninaogopa ataanguka, au atadhani ninamlaumu kwa kazi yake ya uraka, au atamchapa mtoto kwa hasira. Kaka yetu aliyeko Dar es Salaam anataka tumpeleke kwake akafanye kazi gereji, aondokane na makundi ya huku. Wazee wanasema kuna mkono wa mtu, apelekwe kwa mganga. Nimesikia pia kwamba kutaka kujiua ni kosa kisheria, kwa hiyo nikienda hospitali ninaweza kumtia mtoto mikononi mwa polisi, na shule ikijua inaweza kumfukuza. Kumuuliza waziwazi naogopa, nisije nikampa wazo ambalo pengine limeshamtoka.

Je, nivunje kiapo nilichomwapia mtoto huyu? Au nikae kimya na kumwangalia kwa mbali? Na yule mdogo wake naye anakwenda jandoni mwezi ujao wa Desemba.

Mjomba, Tandahimba

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mdogo wangu.

Barua kama yako haiwezi kungoja siku ya safu hii kutoka, na ndiyo maana nilikutafuta kwanza kwa simu uliyoiacha, tukakubaliana mambo mawili ya usiku uleule: kwamba kijana asilale wala kushinda peke yake kwa sasa, na kwamba dawa za kupulizia mikorosho, dawa za hospitali na vitu vingine vya hatari vifungiwe mahali ambapo ufunguo unao wewe. Mengine yote tunaweza kuyapima na kuyajadili, lakini hayo mawili hayakuwa ya kujadili. Ninayoandika leo ni kwa ajili yako, uyasome tena kwa utulivu, na kwa ajili ya wajomba na mama wengine ambao wamewahi kukuta karatasi kama hiyo wakairudisha mkobani kwa hofu.

Nikiieleza hali yako kwa maneno yangu, unampenda kijana aliyeanza kunywa kabla hajamaliza shule ya msingi, ambaye sasa ameandika maneno ya kuaga, na umebaki wewe peke yako mtu mzima unayejua. Kiapo kinakuzuia kusema, na hofu ya kumjeruhi dada yako, hofu ya polisi na hofu ya shule zinakizidishia kiapo hicho nguvu. Chini ya yote hayo kuna kile kicheko chako cha siku ya jando, ambacho umekitaja mapema kabisa kana kwamba ulitaka nikuhukumu kabla hujaendelea. Sitakuhukumu. Nitakirudia baadaye.

Kwanza naomba turudi kwenye ile redio. Umeniandikia kwamba kijana ametulia na roho yake imelainika, na ushahidi wako ni kwamba amegawa jezi na redio ya marehemu baba yake. Mimi niliposoma sentensi hiyo nilisimama. Mtu anayewaza kuondoka duniani wakati mwingine hugawa vitu anavyovithamini, na utulivu unaokuja ghafla baada ya siku za machozi unaweza kuwa nafuu ya kweli, lakini unaweza pia kuwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufikia uamuzi. Siwezi kujua ni upi kati ya hiyo miwili nikiwa mbali, na wewe pia huwezi kujua kwa kumtazama tu. Ninakuomba usiuchukue utulivu huo kuwa jibu mpaka yeye mwenyewe akwambie.

Redio hiyo inanipeleka kwenye jambo jingine. Pombe umeieleza kwa aya nzima, tangu uraka hadi nipa hadi bangi, lakini kifo cha baba yake umekipa sentensi moja fupi. Ukihesabu miaka utaona kwamba umri wa miaka 12, ambao umeutaja kuwa ndio alioanza kunywa na vijana wakubwa, ndio umri aliofiwa na baba. Sisemi kwamba msiba ndio ulioleta pombe, maana alikwisha kuonja kabla. Nauliza tu kama kuna mtu aliyewahi kukaa na mtoto huyu akamuuliza habari za baba yake, baada ya arubaini kupita na wageni kurudi kwao. Mtoto wa kiume aliyetoka jandoni tunamwambia asilie, na anatutii, ila machozi hayo hayaondoki kwa sababu tumeyakataza.

Unasema mabibo yakiisha pombe ataiacha. Huenda ikawa hivyo kwa uraka. Lakini ubongo wa mtoto haufuati msimu. Ile sehemu ya mbele ya ubongo inayomsaidia mtu kupima matokeo na kujizuia huendelea kukomaa mpaka karibu na miaka 25, na pombe na bangi zinazoingia mapema huingia katika nyumba ambayo bado inajengwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne zaidi wa kuwa waraibu wa pombe katika maisha yao, wakilinganishwa na walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi. Tafiti nyingine za wanafunzi zimeona kuwa wanaoanza kunywa wakiwa wadogo sana ndio wanaoripoti kwa wingi zaidi mawazo ya kujiua na majaribio yake. Ni lazima niseme kwa uangalifu kwamba mambo mawili kwenda pamoja si uthibitisho kwamba moja limezaa lingine. Mara nyingi mtoto mwenye huzuni hunywa ili ailaze huzuni yake, pombe inampa saa mbili za kusahau, kisha inamwamsha akiwa na huzuni kubwa kuliko ya jana, usingizi umeharibika na aibu imeongezeka. Kwa hiyo ukishughulikia pombe ukaiacha huzuni, au ukaiombea dua huzuni ukaiacha pombe, utakuwa umefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Kuna hatari nyingine ya ulevi ambayo watu wengi hawaifikirii. Katika hali ya kawaida mtu anaweza kuwa na wazo la kujiua kwa miezi bila kulitenda, kwa kuwa ndani yake bado kuna sauti inayopinga, inayomkumbusha mama yake, mdogo wake, kesho. Kilevi huinyamazisha sauti hiyo kwanza. Saa ya hatari mara nyingi ni fupi, na mtu akiivuka bila kufikia kitu cha kumdhuru, huweza kuishi miaka mingi. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali zaidi za kilimo, hatua kwa hatua tangu miaka ya 1980 na 1990, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa zaidi ya nusu, na wakulima waliendelea kulima. Ndiyo sababu nilikusisitizia habari ya kufunga kwa ufunguo, na ndiyo sababu yale maneno ya chini ya mkorosho siyaiti maneno ya pombe. Pombe ilimfungua mdomo. Maneno yalikuwa yake. Asubuhi alisema hakumbuki, lakini siku zilizofuata aliyaandika akiwa na kalamu mkononi.

Sasa kuhusu kuuliza. Hofu yako ya kumpa wazo ni hofu ya wazazi wengi, na ni ya upendo, lakini uzoefu na utafiti havikubaliani nayo. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika New York kwa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari, ambapo baadhi yao waliulizwa waziwazi juu ya kujiua na wengine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuzidiwa na huzuni wala mawazo hayo kuliko wenzao, hata wale waliokuwa na sonona au waliokuwa wakitumia vilevi. Kwa mpwa wako hoja hii ina nguvu zaidi, kwa sababu wazo hilo hukumpa wewe, amekwisha kuliandika. Akiona kwamba mjomba ameusoma ukurasa ule na hautaji tena, anaweza kuelewa kwamba jambo lenyewe ni baya mno kiasi kwamba hata mtu mzima haliwezi.

Ukiamua kumuuliza, mchague akiwa hajalewa, mkiwa na kazi ya mikono, labda mnaokota korosho au mnakwenda shamba, maana vijana wengi husema zaidi wakiwa hawatazamwi usoni. Unaweza kuanza hivi, kama mnavyoitana: "Mjomba, yale niliyoyasoma hayajanitoka. Bado unawaza kujiua?" Litamke neno lenyewe, usilizungukie. Kisha nyamaza. Akisema ndiyo, usikimbilie kumwambia kwamba ni dhambi au kwamba ana mengi ya kushukuru. Anayajua hayo, na kuyasikia tena kunaweza kumfanya ajione mkosaji zaidi. Muulize linamjia wakati gani, na kama amewaza namna au siku. Akikuonyesha kwamba ana mpango, au ukiona amekwisha kutafuta kitu, hapo hamsubiri kesho; mnakwenda wote hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nije kwenye kiapo. Umeniuliza uvunje au unyamaze, kana kwamba njia ni hizo mbili tu. Mimi ninajiuliza mtoto alikuwa anaomba nini alipokuapisha. Angeweza kuikanusha karatasi, kuichana, kukuambia ni mchezo wa shule, na hakufanya hivyo. Yaonekana alichokiogopa zaidi ni macho ya mama yake, yaani kumwongezea mzigo mtu ambaye tayari anaamini kwamba amemchosha. Kama ndivyo, basi kuna nafasi ya kurudi kwake na kumwambia kwamba ulikubali kwa hofu, kwamba siri hii ni nzito kuliko uwezo wako, na kwamba hutamwendea mama yake kwa mlango wa nyuma bali mtakwenda wote, au utakwenda wewe na yeye atachagua maneno ya kusemwa. Anaweza kukasirika. Anaweza kukunyima salamu kwa wiki nzima, na hiyo ni hatari unayopaswa kuijua kabla, kwa sababu kipindi hicho cha hasira ndicho kitakachotaka macho yenu zaidi. Upande wa pili, ukinyamaza unakuwa mlinzi wa zamu zote, na wewe una shamba, una mnada wa korosho wa kufuatilia, na una nyumba yako. Kuhusu jina la Mwenyezi Mungu ulilolitaja, zungumza na shehe unayemwamini. Mafundisho ya dini yako yanamruhusu aliyeapa kisha akaona kheri katika jambo jingine alifanye lile lenye kheri na atoe kafara, ambayo ni pamoja na kulisha maskini kumi. Huhitaji kumtajia mtoto wala habari zake ili kuuliza hilo.

Dada yako umemweleza kama mtu atakayeanguka, atakayejitetea au atakayechapa. Wewe unamfahamu na mimi simfahamu. Lakini umenieleza pia mwanamke aliyempoteza mume, akaendelea kulisha nyumba kwa mikono yake kila msimu. Je, hakuna uwezekano kwamba amekwisha kuona, na kwamba naye ananyamaza kwa kuogopa kukuumiza wewe? Wamama wengi hujua kabla hawajaambiwa. Ikiwa utamwambia, mwambie mchana, mkiwa na muda, baada ya kuhakikisha amekunywa dawa zake za shinikizo, na pengine ukiwa na mkeo au shangazi anayemsikiliza. Anza na mtoto, usianze na uraka. Ukisema "pombe yako" katika sentensi ya kwanza, mazungumzo yatageuka kuwa kesi, naye atatafuta utetezi badala ya kumtafuta mwanawe. Habari ya biashara itakuja, na ni ngumu, kwa sababu uraka huo ndio sare za shule na ndio unga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kileo, na nipa yenyewe imepigwa marufuku tangu zamani, lakini kwa nyumba hii swali la karibu zaidi ni dogo kuliko sheria: vyungu na madumu yanaweza kukaa wapi usiku, nani anaosha vikombe, je, msimu huu kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani kwako badala ya anapolala kijana? Hayo mnaweza kuyapanga ndugu wawili bila mtu kumlaumu mwenzake.

Jambo moja la kitabibu naomba usilipite haraka. Ikiwa kijana anakunywa kila siku, msimkatie pombe ghafla kwa kumfungia ndani. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa kwa mara moja unaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona visivyokuwepo, hata kupata degedege, na hali hiyo huweza kuua. Mhudumu wa afya anapaswa kujua kiasi anachokunywa ili wamsaidie kuacha kwa usalama.

Tukizungumzia hospitali, hofu yako ya polisi ina msingi, na sitakuficha. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kifungu hicho huwafanya watu wauguze majumbani watu ambao wangepaswa kutibiwa. Lakini angalia kinasema nini: kinazungumzia jaribio. Mpwa wako hajajaribu. Kuhuzunika, kuwaza na kuandika si kosa, na kwenda kwa daktari kuomba msaada kabla ya jaribio ndiyo njia ya kumweka mbali na kifungu hicho. Katika hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula mjini Mtwara, ulizia huduma ya afya ya akili, na useme mambo yote mawili, vilevi na karatasi, kwa kuwa watu wengi hutaja kimoja wakaficha kingine kwa aibu. Ubaya wa njia hii ni nauli, foleni, na macho ya watu watakaouliza mnakwenda kutibiwa nini. Kama hatua hiyo bado ni ndefu kwako, piga simu 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto, ambayo hujibiwa usiku na mchana. Unaweza kupiga wewe, na unaweza kumpa yeye namba hiyo.

Shule nayo ni mahali pa kupima. Ukimwendea mwalimu yeyote na karatasi mkononi, habari inaweza kufika ofisini na kwenye mstari wa asubuhi. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri na unasihi. Jua kwanza ni nani, anaaminiwaje na wanafunzi, na mweleze kwamba kijana ni mgonjwa na anahitaji kuangaliwa, bila kumkabidhi kila neno. Usimzungushie mtoto ukimya upande wa shule kabisa, kwa sababu huko ndiko anakoshinda mchana, na kama hakuna ajuaye, kulala kwake darasani kutaendelea kuadhibiwa kama uvivu.

Safari ya Dar es Salaam ninaelewa kwa nini kaka yenu anaiona kuwa wokovu. Itamtoa kijiweni. Itamtoa pia kwa mama, kwa mdogo wake, kwako na shuleni, kwa wakati mmoja, na kumweka katika jiji ambalo vilevi havina msimu. Mtoto anayeamini kwamba akiondoka mama atapumzika, ukimwondoa anaweza kudhani mmemkubalia. Huenda baadaye, akiwa amepata nafuu na yeye mwenyewe akitaka, safari hiyo ikawa na faida. Na kuhusu wazee na mganga, sitakutaka uwagombanishe. Ukiwapinga kwa nguvu unaweza kuwapoteza watu ambao siku moja utahitaji wakae naye. Waombe tu kwamba dua na mambo ya kimila yasitangulie hospitali wala kuchukua nafasi yake, na kwamba asinyweshwe dawa yoyote wala kufungiwa mahali peke yake.

Nilisema nitakirudia kicheko chako. Ulicheka kwa sababu uliona mtoto wa dada yako ameingia katika safu ya wanaume na ulifurahi, na hakuna aliyekufundisha kwamba kikombe kile kilikuwa na jambo zaidi ya furaha hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Nyuma ya wengi wao kuna watu wanaohesabu usiku yale waliyocheka na yale waliyopuuza. Wewe bado una mtoto hai wa kumwambia. Ninadhani anaweza kuhitaji kusikia kutoka kwako hasa, uliyempigia makofi, kwamba siku ile mlikosea nyinyi wakubwa na si yeye. Sijui kama utaweza kuyatamka maneno hayo mapema au itachukua muda, na hutakuwa umechelewa ukichukua muda.

Ile redio, kama atakubali, inaweza kubaki kwa mdogo wake huku yeye akialikwa kuja kuisikiliza jioni, au inaweza kurudi kwake kwa kuombwa aitunze kwanza. Mtaona wenyewe lipi linamkaa vizuri. Na huyo mdogo wa miaka 9, kabla ya Desemba, wewe ukiwa mjomba una sauti mbele ya manyakanga, yaani wasimamizi wa jando, na wazee kuliko mtu mwingine yeyote wa nyumba hiyo. Fikiria utawaambia nini juu ya kile kikombe, na kama kijana wetu angependa kuwa nawe siku utakapokwenda kuwaona. Niandikie au nipigie tena kabla ya wiki hii kuisha, hata kama ni kuniambia tu kwamba jana usiku alilala.